Kamba za Babu Fikiri

Daktari alikuwa akizungumza na Najiat, lakini macho yake yalikuwa chini ya meza, kwenye mguu wa mume wa Najiat.

Mfaume aliliona hilo, akauvuta mguu nyuma ya kiti. Hakuja pale kutazamwa. Alikuja kumsindikiza mkewe, kwa sababu Najiat alisikia redioni kwamba madaktari bingwa wamepiga kambi Tabora wiki hiyo, hadi Ijumaa, na kwamba kati yao yumo mtaalamu wa mishipa ya damu. Nyuma ya magoti ya Najiat, ambaye ni mweupe wa rangi, vilikuwa vimejichora vishipa vyembamba vya zambarau, vimetawanyika kama utando wa buibui, na kwa mwaka mzima alikuwa akivitazama kwenye kioo na kukosa raha.

"Hivi havina madhara, mama," daktari alisema. Aliitwa Josepha, mwanamke mrefu wa makamo mwenye sauti ya chini. "Kama vinakukera kwa macho, vinachomwa sindano ndogo sana na vinafifia. Lakini huo ni urembo tu. Ukiviacha, vitakaa hapo hapo na havitakudhuru."

"Urembo wa nini tena, daktari? Nani anayeviona?"

"Mimi naviona," Mfaume alisema.

Wote watatu wakacheka, na kicheko hakijaisha daktari akasema, "Na wewe mzee, hebu nyoosha huo mguu."

"Mimi si mgonjwa."

"Sijasema mgonjwa. Nimesema nyoosha mguu."

Akapandisha suruali. Kwenye mguu wa kushoto mshipa mnene ulitokea ndani ya paja, ukapita pembeni mwa goti, ukateremka ukijipinda na kujikunja kama mzizi uliokosa pa kupita. Karibu na kifundo ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi kuliko mwili wake wote, ngumu na yenye kung'aa. Katikati ya weusi huo palikuwa na gamba dogo lililokauka, na chini ya gamba mshipa ulikuwa umetuna, umefunikwa na ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Daktari hakuligusa lile gamba. Alimsimamisha Mfaume, akampaka mafuta ya baridi nyuma ya goti, akaweka kipimo kilichounganishwa na mashine yenye kioo kidogo mezani. Akaminya shavu la mguu. Mashine ikatoa sauti fupi kama mtu anayepuliza jivu, kisha ikafuata sauti nyingine, ndefu, ya kitu kinachoteremka.

"Umesikia? Damu imepanda, halafu imerudi. Ndani ya mishipa hii kuna vilango vya kuizuia isirudi. Vyako vimechoka. Kwa hiyo damu inashuka na kutuama hapa kifundoni, inaisukuma ngozi kutoka ndani. Unafanya kazi gani?"

"Dobi."

"Unasimama kutwa."

"Sasa dobi atapiga pasi amelala?"

"Na nyumbani kwenu yuko mwingine mwenye miguu ya namna hii?"

Hapo Mfaume alinyoosha mgongo. Swali hilo alikuwa na jibu lake tangu utotoni. "Hiyo si mishipa, daktari. Hizo ni kamba. Wanaume wa kwetu wote wanazo."

Najiat alitazama sakafu. Alikuwa ameisikia habari hiyo tangu siku ya kuolewa kwake.

Babu yake Mfaume, Fikiri, alikuwa miongoni mwa wapagazi wa mwisho mwisho waliobeba mizigo baina ya Tabora na pwani, kabla garimoshi halijafika. Alibeba pembe kwenda, akarudi na majora ya nguo na shaba. Walisema miguu yake ilifungwa kamba kutoka ndani, ndiyo maana haikuvunjika. Mwanawe Shomari, aliyekuwa hamali wa stesheni, akazirithi kamba hizo, na Mfaume naye zilipomtokea, kijana mwenye sharubu changa, baba yake aliita majirani waje wazione, akachinja jogoo. Lakini kamba zilikuja na sharti. Mwanamume wa nyumba ile halali mchana. Fikiri aliyaona kwa macho yake, huko katika nyika za Ugogo: mpagazi aliyejinyoosha chini kabla ya kufika kambini, mzigo wake uligawiwa wenzake, na msafara ukaendelea bila yeye. Hakuna aliyerudi kumtazama. Basi Fikiri akawakataza wanawe. Ukiwa na homa, keti. Ukichoka, keti. Jua likiwa juu, mgongo wako usiguse chini. Wanawake hawakuwekewa sharti hilo. Hakuna aliyefikiri kuhusu miguu yao.

Shomari alilishika sharti hilo mpaka mwisho. Alifariki wakati Mfaume yuko Nzega kwa shughuli zake, na aliporudi alikuta wameshazika. Dada yake mkubwa, Mwanamkuu, alimpokea mlangoni kwa maneno ambayo ameyarudia katika kila msiba tangu siku ile: "Baba hakulala. Alikufa ameketi kitini kwake, kama sultani."

Mfaume hakumweleza daktari yote hayo. Alimweleza kidogo, na daktari alisikiliza bila kutabasamu.

"Ni kweli mnarithishana," alisema. "Mmerithishana vilango dhaifu. Tatizo hili linatibika, mzee, na njia ziko zaidi ya moja. Kuna soksi maalumu za kubana. Unazivaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, zinaisaidia damu kupanda. Haziponyi, zinashikilia. Kuna dawa ya povu inayochomwa ndani ya mshipa, kuta zake zikagandana, mshipa ukajifunga na baadaye ukanywea. Kuna kupitisha waya mwembamba na kuuchoma mshipa kwa joto kutoka ndani; mashine ya kazi hiyo sikuja nayo, iko Dar es Salaam. Na kuna upasuaji wa zamani, wa kuufunga mshipa juu huku kwenye kinena na kuuvuta nje."

"Ukiufunga, damu itapita wapi? Mguu si utakauka?"

"Kazi kubwa inafanywa na mishipa iliyo ndani kabisa ya nyama, na nimeipima, yako ni mizima. Huu wa juu haukusaidii kitu. Unarudisha nyuma kazi ya wenzake." Akainama tena, akakitazama kifundo. Aliponyanyuka sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hili gamba ndilo linalonitisha. Likibanduka hutasikia maumivu. Utasikia joto kwenye kandambili, basi. Siku hiyo usikae kitini, wala usisimame kutafuta watu. Lala chini palepale ulipo, mguu uwe juu kuliko kifua, na mtu abonyeze kwa kitambaa safi bila kuachia. Umenielewa? Msifunge kamba. Mbonyeze."

"Nimekuelewa."

"Alhamisi asubuhi uje. Nitaanza na dawa ya povu hapo kifundoni. Ijumaa tunafungasha."

Mfaume alishusha suruali yake taratibu. "Nitalala kitandani?"

"Nusu saa hivi. Kisha utainuka na kutembea."

"Mchana?"

Daktari alimtazama, asielewe alichoulizwa.

*

Jumatano jioni Mwanamkuu alifika, kama walivyojua atafika. Habari katika mtaa wao wa Ng'ambo hazihitaji miguu. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini kasoro, baibui jeusi, na soksi nzito ambazo hazikumtoka mguuni hata katika jua la Oktoba. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni, akapokea shikamoo mbili, akaitikia moja.

"Wifi yangu," alimwambia Najiat, "ulikwenda hospitali kutibiwa mapaja, umerudi na mguu wa mume."

"Marahaba yangu sijaisikia, wifi."

"Utaisikia nikijibiwa. Ni kweli wanataka kumkata kamba?"

"Hawakati, wanafunga," Mfaume alisema. "Kwa dawa."

"Mnyama anafungwa. Mlango unafungwa. Damu ya mtu inafungwaje?" Akamgeukia. "Mfaume, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa kitandani. Nimekuona ukizaliwa. Baba alisimama stesheni miaka na miaka, mabehewa yanakuja, mabehewa yanaondoka, hakuna aliyemwambia ana vilango vibovu. Leo mwanamke mmoja kutoka Dar, hata hajui kaburi la babu liko upande gani, anakulaza mchana kitandani mbele za watu?"

"Ananilaza nusu saa."

"Yule wa Ugogo naye alisema nusu saa."

Najiat aliweka chini sinia la chai kwa nguvu kidogo. "Wifi, umeuona mguu wenyewe? Njoo uuone. Kuna mahali ngozi imebaki kama karatasi ya sigara."

"Sina haja ya kuuona. Nazijua kamba." Na Mwanamkuu akazikunja soksi zake vizuri chini ya baibui, akaomba sukari.

Usiku ule Mfaume hakupata usingizi wa maana. Hakuwa mtu wa kuogopa sindano. Alichokiogopa kilikuwa kitu asichoweza kumtajia mkewe bila kuonekana mtoto: kwamba atalazwa, dari juu yake na mwanga wa asubuhi dirishani, na kwamba mahali fulani, katika njia aliyopita babu yake, mtu atamnyang'anya mzigo wake na kuendelea na safari. Mzigo upi, mwenyewe hakujua. Ni pasi? Ni jina? Ni zile kanzu za watu alizozinyoosha maisha yake yote, ambazo watu walizivaa wakaenda kufurahi bila yeye?

Asubuhi Najiat alimwekea suruali pana na shati safi. Mfaume akasema, "Tangulia ukachukue nafasi. Napitia dukani mara moja, zipo kanzu za Awadhi, kesho anaozesha."

"Baba Shamila," Najiat alimsihi.

"Mara moja tu."

Najiat alimtazama mpaka akaona aibu. Kisha akavaa viatu, akaenda.

*

Duka la Mfaume ni chumba kimoja kinachotazamana na kinyozi. Kinyozi ndiye huyo Awadhi, mtu mwembamba, mwenye maneno, rafiki yake tangu madrasa. Kanzu zilikuwa zake, za ndugu zake na za bwana harusi, na zilikuwa zimefuliwa, zimetiwa wanga na bluu, zimebaki pasi. Mfaume akawasha mkaa, akaupepea. Akapiga pasi kanzu ya kwanza, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Akatazama saa ya ukutani. Akachukua nyingine.

"Dobi!" Awadhi aliita kutoka ng'ambo ya barabara, wembe mkononi, mteja ana povu kichwani. "Si uliniambia unakwenda kukatwa mkia?"

"Namaliza yako hii, usije ukaozesha na mikunjo."

"Afadhali mikunjo ya kanzu kuliko ya uso wako. Nenda bwana!"

"Nakwenda."

Akachukua nyingine. Kila moja aliyoimaliza ilimpa sababu ya kuanza ifuatayo, na kila alipoitazama saa moyo ulimdunda, kwa hiyo akaacha kuitazama. Simu yake ililia juu ya meza. Najiat. Aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Nitampigia nikimaliza hii, alisema moyoni, ingawa alijua atakavyoambiwa: jina lako linakaribia.

Mkaa ukapungua nguvu. Aligeuka kuchukua mwingine kwenye gunia, na kifundo chake cha kushoto kikapita kwenye pembe ya kreti la soda alilolifanya kigoda cha wateja. Kilikuwa kikwaruzo tu. Hakusimama hata kukiangalia. Alitia mkaa, akafunga kifuniko cha pasi, akapuliza jivu, akarudi mezani.

Kisha akasikia joto kwenye kandambili.

Alisimama vilevile, pasi mkononi. Alijua. Joto lilipanda kati ya vidole, likajaa, likamwagika sakafuni, na hakukuwa na maumivu yoyote, kama alivyoambiwa. Alitazama chini mwishoni kabisa, baada ya kuiweka pasi juu ya chuma chake, kwa sababu hakutaka kuunguza nguo ya mtu. Damu ilikuwa ikiruka kutoka kifundoni, uzi mwembamba, mweusi mweusi, hauyumbi.

"Awadhi," aliita. Sauti haikuwa kubwa.

"Sema!"

"Awadhi, njoo."

"Unapaka sakafu rangi, Dobi, au—" Halafu Awadhi akaona. Alimwacha mteja na povu lake, akavuka barabara mbio, akasimama mlangoni akisema Lailaha illallah, Lailaha illallah, kisha akarudi mbio tena, na aliporejea alikuwa anakokota kiti chake cha kunyolea, kile kirefu cha chuma alichokuwa akikiringia. "Kaa! Kaa hapa, usianguke, kaa!"

Mfaume akakaa. Ilikuwa rahisi sana kukaa. Mwili ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda katika kila homa na kila uchovu wa maisha yake, mgongo wima, mikono juu ya vishikio. Mguu ukaning'inia. Damu ikaongezeka. Awadhi akavua taulo la begani, akalizungusha juu ya goti, akaanza kukaza fundo.

"Usifunge," Mfaume alisema. "Alisema tusifunge."

"Nani kasema? Wewe unaisha hapa!"

Mfaume akalivuta taulo likafunguka. Simu ikalia tena. Hakuna aliyeishika. Watu walikuwa wameanza kujaa mlangoni, na katikati yao akapenya Mwanamkuu, chupa ya chai mkononi; alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba mdogo wake yuko kazini. Chupa ilimponyoka. Hakupiga kelele. Alizunguka nyuma ya kiti kama mtu anayeijua kazi hiyo, akaingiza mikono yake chini ya makwapa ya Mfaume, akamnyanyua mabega na kuyashikilia juu.

"Keti, mdogo wangu," alimwambia sikioni. "Usilale. Nimekushika. Usilale hata kidogo. Hivi hivi tulimshika baba, hivi hivi, na hakuanguka mpaka mwisho."

Maneno hayo yalichukua muda kumfikia. Sauti za barabarani zilikuwa zimeanza kusogea mbali, na pembeni mwa macho yake palikuwa panaingia kiza, kama pazia linalovutwa taratibu kutoka pande zote mbili.

"Baba alitoka damu?" aliuliza.

"Keti."

"Dada. Baba alitoka damu wapi?"

Dada akajibu kwa sauti ndogo ambayo Mfaume hakuwahi kuisikia kwake: "Mguuni. Alikuwa anatoka kuoga. Tukamletea kiti. Tukamshika, mimi na mama. Tulimshika vizuri, Mfaume, hakulala."

Basi ndiyo ilivyokuwa. Miaka yote aliisikia hadithi ya kiti, na hakuna aliyemwambia kuhusu mguu. Walimshika vizuri. Walimpenda, wakamshikilia wima, na damu yake ikashuka yote chini, kwa utii, kama maji katika mfereji. Aliwaona: mama yake, na Mwanamkuu akiwa mwanamke kijana bado, wamemzunguka mzee huku wakilia, wanamsifu, wanamzuia kufanya jambo moja ambalo lingemwacha hai.

"Niachie, dada."

"Sikuachii."

"Niachie nilale."

"Mchana wote huu? Watu wamejaa, Mfaume! Baba hakulala!"

"Baba alikufa," Mfaume alisema.

Mikono ya Mwanamkuu ilikuwa na nguvu za mwanamke aliyetwanga maisha yake yote, na kwa muda, ambao kwa Mfaume ulikuwa mrefu kuliko usiku uliopita, walivutana kimyakimya, yeye akienda chini, dada akimrudisha juu. Hakuwa na nguvu za kushindana naye. Alifanya jambo pekee lililobaki: aliuachia mwili wote, kama gunia, akateleza kwenye kiti kile laini, kati ya mikono ya dada yake, mpaka mgongo wake ukagusa sakafu. Saruji ilikuwa ya baridi. Aliona mabati, na mwanga wa jua ukipita katika matundu ya misumari.

"Mguu juu," alisema. "Awadhi, weka kitu. Juu."

Awadhi alizunguka chumba kizima kwa macho. Kisha akakumbatia rundo la kanzu lililokuwa juu ya kabati, nyeupe, zenye wanga, zimekunjwa kwa mraba, akalisukuma chini ya mguu.

"Za harusi hizo," Mfaume alisema.

"Harusi anaijua Mungu! Nyamaza!"

"Sasa abonyeze mtu. Kwa nguvu. Asiachie." Alimtafuta dada yake kwa macho. Mwanamkuu alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti kitupu, mikono imekunjwa vilevile, kana kwamba kuna mtu ndani yake. "Dada. Una mikono ya nguvu. Njoo huku chini."

Hakuja. Halafu akaja. Alipiga magoti katika damu na baibui lake, akachukua mkono wa kanzu ya bwana harusi, akaukunja, akauweka kwenye kifundo na kuulalia kwa uzito wake wote. Ule uzi wa damu ukakatika. Ikabaki damu inayovuja, kisha damu inayodondoka, kisha kitambaa kikabaki na rangi ileile hakiongezi. Mwanamkuu hakuachia. Alikuwa akitazama mahali pale chini ya mikono yake kama mtu anayesoma.

"Imesimama," alisema. Kisha akasema tena, si kwa Mfaume: "Imesimama haraka hivi?"

*

Hakuna bajaji iliyoweza kumchukua mtu amelala na mguu juu, kwa hiyo walimpakia kwenye guta la magurudumu matatu la kubebea saruji. Mfaume alipita Ng'ambo yote chali, jua usoni, mguu juu ya kanzu, dada yake amepiga magoti kando akibonyeza, na Awadhi akikimbia mbele akifukuza baiskeli. Watu walisimama milangoni. Aliwajua wote, nguo zao zilikuwa zimepita mkononi mwake. Alifumba macho ili wasione kwamba anawaona. Alikuwa mjukuu wa mpagazi, na sasa alikuwa anabebwa. Alisubiri aibu ije. Ilikuja, ndogo, ikakaa kidogo, ikapita kama wapita njia wengine.

Daktari Josepha alimkuta Najiat mlangoni analia kwa hasira, akamkuta mgonjwa nyuma yake. Hakugomba. Alimwomba Mwanamkuu aondoe mikono, na Mwanamkuu akakataa. Ilibidi aombwe tena. Daktari alishona uzi mmoja, akatazama kwenye kile kioo chake, akaingiza sindano kwenye mshipa uliokuwa ukilisha kidonda, akasukuma povu jeupe polepole. Mfaume alisikia kuumwa kidogo, kama kuvutwa. Wakamzungushia bendeji tangu vidoleni hadi juu ya goti.

"Hii ni sehemu ya chini tu," daktari alimwambia. "Huu mkubwa wa pajani bado upo, na usipoufunga, baada ya muda utaleta mengine. Uje Dar, au usubiri kambi ijayo tuufanyie upasuaji. Kwa sasa soksi, kila siku. Na kila mchana uache pasi, ulale, miguu juu."

"Kila mchana?"

"Kila mchana. Sasa inuka utembee."

Akainuka, akatembea. Mwanamkuu alimfuata nyuma katika ujia ule mrefu, baibui limekauka damu. Wiki hiyo hakuonekana tena, wala iliyofuata. Hakuja hata kudai shikamoo yake.

*

Sasa nyuma ya pazia la duka kuna mkeka. Adhuhuri ikishaswaliwa, Mfaume anaweka pasi kando, anashusha pazia nusu, anajinyoosha, miguu yake juu ya furushi la mashuka. Soksi za kubana ni ngumu kuvaa. Asubuhi Najiat humsaidia, wanavutana nazo mpaka wanacheka. Kidonda kimefunga. Mshipa wa kifundoni umekuwa mgumu kama waya chini ya ngozi, na unanywea. Ule wa pajani ungali pale, na jina lake limeandikishwa kwa ajili ya kambi ijayo.

"Msafara umetua!" Awadhi hupaza sauti kutoka kwake kila siku saa hiyo. "Jamani, mpagazi katua mzigo, nani anauchukua?"

"Njoo uchukue wewe," Mfaume humjibu akiwa amelala, "uanze na kulipa kanzu."

Mwanzoni alilala macho wazi, akisubiri. Hakuna aliyekuja kumnyang'anya kitu. Alikuwa akiwaza habari ya yule mtu wa Ugogo, ambaye hata jina lake halikubaki. Labda naye mguu ulikuwa unamtoka damu. Labda alijua kuliko wote namna ya kupona, na kilichomuua ni kwamba hakuna aliyesimama.

Mchana mmoja pazia likasogezwa. Alikuwa Mwanamkuu. Mfaume akataka kuinuka.

"Kaa hivyo hivyo," alisema, kisha akajirekebisha. "Lala hivyo hivyo."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Aliketi kwenye kreti la soda. Alikuwa amekonda usoni. Alitazama mabati kwa muda, akatazama miguu ya mdogo wake juu ya furushi. Kisha akainama, akahema, akaanza kuvua soksi zake nzito, moja baada ya nyingine, akalipandisha baibui hadi magotini.

Mfaume hakuwahi kuiona miguu ya dada yake. Kamba zilikuwa pale, kwenye miguu yote miwili, nene kuliko zake, nyeusi, zimefumwa juu ya mifupa hadi kwenye nyayo. Juu ya kifundo cha kulia palikuwa na kitambaa kilichofungwa, na kitambaa hakikuwa safi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla ya baba." Alikuwa akizitazama kana kwamba ni za mtu mwingine. "Hakuna aliyenichinjia jogoo."

Nje Awadhi alikuwa akimtania mteja, na mkaa ulikuwa ukipasuka ndani ya pasi.

"Yule daktari," Mwanamkuu alisema, "anarudi lini?"

"Bado kidogo. Nitakupeleka kuandikisha leo hii jioni."

"Na mpaka hapo?"

Mfaume akasogea ukutani, akagawa furushi la mashuka mara mbili. Dada yake alishuka chini kwa shida, kwanza goti, kisha mkono, kisha ubavu. Alibaki ameegemea kiwiko, shingo imekaza, macho kwenye pazia na mwanga wa mchana uliokuwa chini yake.

"Funga pazia vizuri," alisema.

Mfaume akanyoosha mkono, akalifunga. Ndipo Mwanamkuu akalala.